Akiba Iozayo na Akiba Isiyooza

Wahenga wetu wamesema kuwa akiba haiozi. Ni neno la hekima, na kila mmoja wetu amelisikia kwa mama au bibi yake. Lakini ukitazama historia utaona kuwa iko akiba iliyooza, tena ikaoza mikononi mwa watu wema waliojinyima kwa miaka mingi. Basi yatupasa tuulize: ni kitu gani kinachoiozesha akiba, na ni kitu gani kinachoihifadhi?

Ili tupate jawabu, twende pamoja mpaka Dakawa. Mahali hapa wengi wetu wa pwani tumepapita ndani ya basi bila ya kuteremka. Ni mji mdogo wa wilaya ya Mvomero, mkoa wa Morogoro, kando ya Mto Wami, chini ya kilomita 50 kutoka Morogoro mjini kwa anayekwenda Dodoma. Milima ya Uluguru iko kusini yake, na milima ya Nguru iko kaskazini. Katikati ni tambarare ya mpunga. Huenda mchele uliopikwa nyumbani kwako wiki hii umetoka katika tambarare hiyo. Ardhi ile imeshuhudia, katika muda wa miaka mia moja na kidogo, mambo kadhaa yanayohusu mali ya mtu mdogo, na kila moja lina funzo lake.

NOTI ZA VITA

Tarehe 17 Agosti 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, majeshi ya Waingereza yalipambana na ya Wajerumani penye Mto Wami, hapo Dakawa. Wajerumani wakarudi nyuma, na tarehe 26 ya mwezi ule ule Waingereza wakaingia Morogoro.

Sasa tazama khabari ya fedha. Manowari za Kiingereza zilikuwa zimeifunga bahari, na Serikali ya Kijerumani haikuweza kuleta fedha kutoka Ulaya. Kwa hivyo kuanzia mwaka 1915 ikachapisha noti za rupia humu humu nchini, kwa karatasi hafifu. Huko Tabora, mwaka 1916, karakana ya reli ikapiga sarafu za shaba za heller 20, na sarafu za dhahabu za rupia 15. (Neno letu la “hela” limetokana na hiyo heller ya Kijerumani.) Raia waliotoa vyakula vyao kwa ajili ya majeshi walilipwa kwa noti zile. Mtu alitoa mtama wake, ambao ni chakula, akapokea karatasi.

Vita vilipokwisha, utawala uliotoa noti hizo haukuwapo tena, na kuanzia mwaka 1921 shilingi ya Afrika Mashariki ikashika mahali pa fedha za zamani. Ile sarafu ya dhahabu ya Tabora bado ina thamani mpaka leo, kwani dhahabu ni dhahabu. Ama noti zile, zimebaki kuwa vitu vya kuwekwa katika makumbusho.

Usidhani kuwa jambo hili ni la vita tu. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwezi wa Juni 1966, na shilingi yetu wenyewe ikaanza kutumika. Siku zile dola moja ya Marekani ilipatikana kwa Shilingi 7 na senti kidogo. Katika miaka hii tuliyomo haipatikani ila kwa zaidi ya Shilingi 2,000. Maana yake ni kwamba mzee aliyefungia Shilingi 1,000 sandukuni mwaka ule alifungia kiasi cha dola 140. Na hata kama noti zake zingalipokewa leo, zisingefika nusu ya dola. Hapana mwizi aliyevunja sanduku, wala panya hakuingia. Akiba imeoza ndani ya kufuli.

Funzo la kwanza, basi, ni hili: fedha ni chombo cha kupimia mali na cha kupokezana. Si mali yenyewe. Anayeifungia bila ya kuifanyia kazi huiacha iliwe na wakati.

WAZEE WETU WALIFANYA NINI?

Serikali ya Kiingereza ilianzisha Benki ya Akiba ya Posta katika Tanganyika mwaka 1925. Ilikuwa ni njia nyepesi: mtu alikwenda posta na shilingi zake chache, akaandikiwa katika kitabu. Lakini kila mwaka benki iliongeza riba, na hapo Waislamu wengi wa pwani walipata mashaka. Wako walioikimbia kabisa. Wako walioweka fedha zao kwa ajili ya usalama na wakakataa kuipokea ile nyongeza. Wala tusiwacheke. Walichelea dini yao, na hofu yao ilikuwa ya haki.

Lakini wengi katika hao walioikimbia benki hawakukaa bure. Walipanda minazi, wakangoja miaka sita au saba mpaka izae, kisha wakala matunda yake wao na wajukuu zao. Walijenga chumba kimoja, na baada ya miaka miwili wakaongeza cha pili cha kupangisha. Waliwavisha wake zao dhahabu, na siku ya shida dhahabu ikauzwa. Na wakina mama wakacheza upatu: wanawake kumi, kila mmoja huchanga kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao huchukua chote. Upatu hauna riba, hauna karatasi nyingi, na unasimama juu ya nguzo moja tu, nayo ni uaminifu.

Khasara kubwa ilikuja kwa wale walioacha benki kwa ajili ya riba, kisha wasishike njia nyingine yoyote. Waliiepuka haramu, na hilo ni jema, lakini halali nayo hawakuitafuta. Matokeo yake ni nyumba zilizouzwa kwa sababu ya maradhi ya mwezi mmoja, na watoto walioacha skuli kwa kukosa ada ya muhula mmoja.

AKIBA NA UHODHI

Turudi Dakawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua hapo shamba la mpunga la kiasi cha hekta 2,000, la kunyweshwa maji ya Mto Wami. Nchi ilikuwa katika dhiki. Sukari, sabuni, unga na nguo vilikuwa adimu madukani. Mwaka 1983 Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, akaanzisha ile kampeni kali dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Wanaokumbuka siku zile wanajua: maduka na maghala yalisakwa, watu walikamatwa, na wako waliotupa bidhaa usiku kwa khofu. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Aprili 1984, Sokoine alikuwa akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam akafariki kwa ajali ya gari hapo hapo Dakawa, mahali ambapo leo huitwa Wami-Sokoine.

Watu wengi walitoka katika zama hizo na fikra moja kichwani: kwamba mwenye kuweka kitu ghalani ni mtu mwovu. Na hapa ndipo pa kupambanua, ndugu msomaji, kwani dini yetu imepambanua kabla yetu.

Sheria yetu inakataza ihtikari, yaani kukihodhi chakula cha watu ili bei ipande. Mtu anayekwenda sokoni wakati wa uhaba, akanunua magunia yote, akayafungia na kungoja wenziwe waumie ili yeye afaidi, huyo ndiye mhodhi, na dhambi yake ni nzito. Ama mkulima aliyelima kwa mkono wake, akavuna, akaweka mavuno yake mpaka wakati wa haja, wanazuoni wengi hawamwiti mhodhi. Hata hivyo, watu wakifikwa na dhiki ya njaa, na yeye pia humpasa atoe.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Mfalme wa Misri alipoota ndoto yake, Nabii Yusuf alimfasiria kuwa itakuja miaka saba ya neema, na baada yake miaka saba ya shida. Wala hakuishia katika kufasiri tu. Aliwafundisha kazi: walime kwa bidii, wale kidogo, na kinachobaki wakiache ndani ya masuke yake ili kisiharibike. Kisha alipoomba kusimamia hazina za nchi alijitaja kwa sifa mbili: kwamba ni mwenye kuhifadhi, na kwamba ni mwenye elimu. Zishike sifa hizi mbili, kwani tutazirejea. Akiba ya Nabii Yusuf iliwekwa ili watu wale. Akiba ya mhodhi huwekwa ili watu wakose. Ghala ni lile lile, na nia ndiyo iliyoyatenga mambo hayo mawili.

MKULIMA NA GUNIA LAKE

Shamba la NAFCO halikudumu. Baadaye ardhi ile yenye mifereji ikaingia mikononi mwa wakulima wadogo, nao wakaunda ushirika wao uitwao UWAWAKUDA. Wanakilima kipande kwa kipande, na wanapaswa kuchangia pamoja gharama za kuyapandisha maji kwa pampu kutoka mtoni. Karibu nao kipo kituo cha utafiti wa mpunga. Kutoka hapo imetokea mbegu ya TXD 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2002, ambayo wenyewe wanaiita SARO 5. Mkulima anayenunua mbegu bora badala ya kupanda masalio ya ghalani ametia mtaji, hata kama hajawahi kukanyaga mlango wa benki.

Lakini tatizo lake ni lile lile la mfanyakazi wa mjini na mvuvi wa Bagamoyo: fedha huja kwa mkupuo, na haja huja kila siku. Tuchukue mfano, na hesabu hii ni ya kufahamisha tu. Mkulima ana magunia 10. Mtoto ameugua kabla ya mavuno, na ndani hamna kitu. Anakuja mchuuzi, anamwambia: “Niuzie mpunga ulioko shambani, Shilingi 40,000 kwa gunia, fedha hizi hapa.” Anakubali. Wakati wa mavuno gunia ni Shilingi 60,000. Miezi michache baadaye ni 90,000. Aliyeuza mpunga mbichi amepata 400,000. Aliyengoja amepata 900,000. Jasho ni moja na shamba ni moja. Tofauti ya Shilingi 500,000 imeletwa na kukosa akiba ya kumtibu mtoto, ambayo labda ilihitaji Shilingi 50,000 tu. Kisha yako tena magunia ya lumbesa, yanayoshindiliwa mpaka yakapita kipimo, na mnyonge anayetaka fedha leo hawezi kukataa.

Hapa pia sheria imetangulia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kuwa yamesalimika. Lakini aliruhusu biashara ya salamu, yaani mtu kulipwa mbele kwa mazao atakayoyaleta baadaye, kwa sharti kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Hata katika zaka mna mazingatio ya gharama: mazao yaliyonyweshwa na mvua hutolewa sehemu moja katika kumi, na yaliyonyweshwa kwa taabu na gharama hutolewa moja katika ishirini, yakifika nisabu. Mkulima wa Dakawa anayelipia pampu yumo katika hao wa pili. Dini haikumsahau.

WENGINE WALIFANYAJE?

Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Mit Ghamr huko Misri, kwenye bonde la Mto Nili, mtaalamu mmoja aitwaye Ahmad al-Najjar alianzisha benki ya akiba kwa ajili ya wakulima na mafundi. Alikuwa amesoma Ujerumani na akaona namna watu wadogo wa huko walivyoinuka kwa benki za akiba za miji yao. Akachukua mpango ule na akaiondoa riba. Watu waliweka kidogo kidogo, wakakopeshwa bila ya nyongeza, na fedha nyingine zikatiwa katika biashara za ubia, faida na khasara zikagawanywa. Benki hiyo ilisimama mpaka mwaka 1967, na kutokana na fikra yake yakaja mengi yaliyofuata katika nchi za Kiislamu.

Mwaka huo huo wa 1963, huko Malaysia, ulianzishwa mfuko wa akiba ya Hija. Wakulima wa kule walikuwa wakificha fedha majumbani kwa miaka mingi, au wakiuza shamba na ng'ombe ili wapate nauli, kisha wakirudi na jina la Alhaji bila ya jembe la kulimia. Mtaalamu wa uchumi Ungku Aziz ndiye aliyetoa shauri hilo mwaka 1959: akiba zao zikusanywe, zitiwe katika biashara za halali, na kila mmoja aondoke kwenda Makka akiwa ameacha shamba lake nyuma.

Na mwaka 1991, huko Maradi katika nchi ya Niger, wanawake wa Kihausa, kwa msaada wa shirika la CARE, waliuendeleza upatu wao wa asili. Badala ya kila mchango kuchukuliwa na mmoja, fedha zikawekwa pamoja na kukopeshana. Mpango huo ukaenea, na miaka kama kumi baadaye ukafika Unguja, katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani. Leo twaufahamu: sanduku moja lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na kila shilingi huhesabiwa mbele ya macho ya wote.

Liko jambo la kutahadhari nalo. Vikundi vingi vya namna hii hutoza nyongeza juu ya mkopo, na nyongeza hiyo, hata ikirudi kwa wanachama wenyewe, haikuacha kuwa riba. Dawa si kuvunja kikundi. Dawa ni kukaa na mwanachuoni na kukirekebisha: mikopo midogo ya shida iwe qardhi hasana isiyo na nyongeza, na fedha kubwa zitiwe katika ubia wa biashara unaojulikana, faida igawanywe na khasara igawanywe.

KUPANDA KUSIKO NA SHAMBA

Nisikufiche na upande wa pili. Miaka ya 2000 ilitokea katika Tanzania taasisi iliyoitwa DECI. Watu waliambiwa “wapande mbegu” ya fedha, na baada ya muda mfupi “watavuna” maradufu. Maelfu walipanda, na katika hao walikuwamo walioacha kazi zao na walioweka ada za watoto. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani viongozi wake.

Ndugu msomaji, mkulima wa Dakawa angeliweza kutuokoa kwa swali moja: shamba liko wapi? Mpunga wa Dakawa una tope, una mto, una ndege wa kuamiwa, na una miezi yake ya kungojwa ambayo hapana dua ya mwenye pupa itakayoipunguza. Mavuno ya DECI hayakuwa na shamba. Mvunaji wa kwanza alilipwa kwa mbegu ya mpandaji wa pili, na wa mwisho hakuwa na wa kumlipa. Anayekuahidi faida bila ya kukuonyesha kazi inayoizaa, ama anakuletea riba, ama anakuletea wizi.

TUFANYE NINI?

Mambo ni machache, wala hayahitaji utajiri.

Kwanza, tenga kabla ya kula. Haba na haba hujaza kibaba. Shilingi 1,000 kwa siku ni Shilingi 365,000 kwa mwaka, na yule mtoto wa mkulima wetu angetibiwa mara saba. Huu uwe mfuko wa dharura, usiguswe kwa ajili ya nguo za sikukuu wala ngoma za harusi. Mara ngapi tumemaliza akiba ya miaka mitatu katika usiku mmoja wa biriani, kisha bwana harusi akaanza maisha kwa deni!

Pili, kinachozidi juu ya mfuko wa dharura kitafutie kazi. Kiwanja, chumba cha kupangisha, cherehani, ng'ombe wa maziwa, ubia na mtu mwenye ujuzi, au gunia la mpunga lililowekwa ghalani kwa nia njema: kila mmoja kwa kadiri yake. Na siku hizi udhuru wa kukimbia riba umepungua, kwani tokea mwaka 2011 tuna Amana Bank, na katika mwaka huo huo Benki ya Watu wa Zanzibar nayo ilifungua huduma za Kiislamu. Uliza, soma mkataba, usione haya.

Tatu, mchague msimamizi kwa zile sifa mbili za Nabii Yusuf, kuhifadhi na elimu. Mwaminifu asiyejua hesabu atakupotezea mali huku akilia. Mjuzi asiye mwaminifu atakupotezea huku akicheka. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya nchi yetu vilivunjwa kwa amri moja, na vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Waliochanga kwa miaka mingi walijifunza kwamba haitoshi kuchanga. Lazima mwanachama ajue kitabu kiko wapi, aende mkutanoni, na aulize.

Nne, toa haki yake. Akiba iliyofika nisabu na ikazungukiwa na mwaka ina zaka ndani yake. Anayeitoa ameitakasa. Anayeizuia amefanana na yule mhodhi, hata kama jina la akiba yake ni zuri.

Kwa hiyo wahenga walisema kweli. Akiba haiozi, ikiwa imepata kazi ya halali, mlinzi mwaminifu mwenye elimu, na nia ya kuwafaa watu. Ikikosa hayo huoza, iwe ndani ya sanduku, iwe katika ghala, iwe mikononi mwa mwenye kuahidi maradufu. Leo usiku, baada ya chakula, kaa na watu wa nyumbani kwako, mhesabu pamoja kilichobaki, na muulizane: hiki tukiweke wapi, na kwa nani? Mwenyezi Mungu atubarikie katika kichache chetu, na atukinge na haja ya kunyoosha mkono kwa asiyetuonea huruma.